Jinsi ya Kupima na Kurekebisha Fokasi Otomatiki ya Kamera ya DSLR

Swali linalonifikia kuliko mengine yote kutoka kwa vijana wanaoanza kazi ya picha ni moja, na hata maneno yake hayabadiliki sana: "Kaka, kamera yangu fokasi imekufa, niipeleke kwa fundi gani?" Anayeuliza huwa ametoka karibuni kwenye lenzi iliyokuja na kamera, akanunua lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (tundu ni mlango wa mwanga, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) kwa sababu kila mtu aliisifia, akaenda nayo kwenye sherehe ya kwanza, na aliporudi nyumbani akaona kwenye kompyuta kwamba hereni ya bibi harusi inaonekana kila kito huku macho yake yamefifia. Kwa kawaida kamera hiyo haina ugonjwa wowote. Lenzi ya awali ilikuwa na tundu dogo na kina kikubwa cha fokasi, yaani eneo la mbele na nyuma linaloonekana kali, kilichoficha makosa, na hii mpya haifichi hata kosa la sentimita mbili.

Hata hivyo, kuna makosa ya kweli ya kifaa, na unaweza kuyapima mwenyewe nyumbani kwa vitu vya bei ndogo. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa makusudi: tunaanza kwa kuondoa makosa ya mkono na ya mipangilio, tunapima, na mwisho kabisa ndipo tunagusa marekebisho ya ndani ya kamera. Ukiruka hatua za mwanzo na kukimbilia marekebisho, utakuwa unaipinda kamera ili ilingane na kosa lako.

Jambo moja kuhusu kinachotokea ndani

DSLR ni kamera yenye kioo ndani: mwanga ukipita kwenye lenzi hukutana na kioo kilichokaa mshazari. Sehemu kubwa yake hupelekwa juu kwenye kitazamio, na sehemu ndogo hupenya katikati ya kioo hicho, hugonga kioo kingine kidogo kilicho nyuma yake na kuelekezwa chini, kwenye sakafu ya kamera, ambako kuna sensa maalumu ya fokasi. Sensa hiyo hulinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule uliopita upande wa pili, ikajua kama fokasi iko mbele au nyuma na kwa kiasi gani, kisha huiamuru lenzi isogee. Picha yenyewe inachukuliwa na sensa nyingine kabisa, baada ya vioo kunyanyuka. Njia hizo mbili zikitofautiana urefu kwa sehemu ndogo tu ya milimita, kamera italia "pip" kwa uhakika wote na picha itatoka imekosa.

Ukiwasha Live View, yaani kutazama kwa skrini ya nyuma, kioo hunyanyuka na kamera hufokasi kwa sensa ileile itakayopiga picha, kwa hiyo hakuna njia mbili za kutofautiana. Kwenye DSLR nyingi fokasi hiyo ni ya polepole, ingawa Canon waliiharakisha sana kwa teknolojia ya Dual Pixel kuanzia EOS 70D ya mwaka 2013. Upolepole wake hautusumbui hapa, kwa sababu tunaihitaji kama shahidi tu.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa kamera yenye betri iliyojaa na lenzi unayotaka kuipima, bila kichujio chochote mbele yake. Tafuta tripodi imara. Kama huna, meza nzito na mfuko wa mchele wa kuikalisha kamera vinatosha. Utahitaji pia kitu bapa chenye maandishi meusi makubwa, kama boksi la majani ya chai, rula ya shule ya sentimita 30, futikamba ya kupimia umbali, kipulizia hewa cha mpira, kitambaa laini kikavu, daftari, na kompyuta ya kukuzia picha hadi asilimia 100. Skrini ya nyuma ya kamera ni ndogo mno kwa hukumu hii.

Kitu cha mwisho, ambacho wengi hukidharau, ni mwanga wa mchana. Fanya kazi hii asubuhi au alasiri, kwenye baraza lenye kivuli cheupe au karibu na dirisha kubwa. Usipime usiku chini ya balbu. Lenzi hazikusanyi rangi zote za mwanga mahali pamoja, na sensa ya fokasi inaweza kutoa jibu moja chini ya taa ya njano na jibu jingine chini ya jua. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa sebuleni usiku mzima nikairekebisha lenzi ya milimita 85 hadi +12, nikalala nimeridhika, na kesho yake kwenye sendofu iliyofanyika bustanini picha zote zikafokasi nyuma ya masikio ya wageni. Niligundua baada ya picha mia mbili hivi.

Hatua za kufuata

1. Rekebisha kitazamio kwa jicho lako. Pembeni mwa kitazamio kuna gurudumu dogo. Izungushe kamera ielekee ukuta mweupe na uzungushe gurudumu hilo mpaka nukta za fokasi na tarakimu zilizo chini zionekane kali kabisa. Hatua hii haibadilishi picha hata kidogo, bali inaondoa malalamiko ya uongo ya mtu anayeona ukungu kwenye kitazamio na kudhani uko kwenye lenzi. Kama unavaa miwani, amua sasa kama utapiga picha ukiwa nayo au bila nayo.

2. Safisha njia ya mwanga. Toa lenzi, iangalie mbele na nyuma dhidi ya mwanga, na ufute alama za vidole. Futa kwa kitambaa kikavu zile pini za dhahabu zinazounganisha lenzi na bodi (mwili wa kamera), kwa sababu zikiwa na jasho au kutu, mawasiliano hukatikakatika na fokasi hukwama bila sababu inayoonekana. Kisha geuza bodi, uso wake ukitazama chini, na upulize ndani kwa kipulizia ili vumbi lililotua juu ya sensa ya fokasi lidondoke. Usipulize kwa mdomo, kwani mate hayatoki kirahisi, na usiguse kioo kwa kidole wala kwa kitambaa: utando wake wa nje ni laini sana na mkwaruzo wake haufutiki.

3. Isome picha iliyokosa kabla ya kumlaumu yeyote. Fungua picha mbovu kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, na utafute kama kuna mahali popote palipo pakali. Hereni, kola, ukuta wa nyuma au nyasi za mbele zikiwa kali huku jicho limefifia, basi fokasi ilikwenda mahali pengine, na hapo ndipo mwongozo huu unapohusika zaidi. Vitu vyote vikiwa vimeburuzwa kuelekea upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Mtu akiwa ameburuzwa peke yake huku kiti alichokalia ni kikali, basi yeye ndiye aliyesogea. Kama hakuna palipo pakali popote, hata kwenye vitu visivyosogea, shuku kasi ndogo ya shata au lenzi yenye kasoro. Canon na Nikon zote zina mpangilio kwenye menyu ya kutazama picha unaoonyesha nukta ya fokasi iliyotumika, uwashe. Mara nyingi utakuta kwamba nukta ilikuwa juu ya hereni tangu mwanzo, na kamera ilitii ilichoambiwa.

4. Chagua nukta moja, na uichague wewe. Kamera ikiachiwa nukta zote huelekea kushika kitu kilicho karibu zaidi chenye mistari inayoonekana vizuri, na kitu hicho ni nadra kuwa jicho. Weka nukta moja ya katikati kwanza. Kwenye bodi za wanaoanza nukta hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: Canon EOS 1300D ina nukta 9 na Nikon D3500 ina 11, lakini katika zote mbili ni ya katikati tu inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Nyingine husoma mwelekeo mmoja, kwa hiyo nukta ya pembeni ikikutana na mistari inayokwenda mwelekeo isiousoma, itahangaika.

Weka pia modi inayolingana na kazi. Kwa mtu aliyetulia tumia One Shot kwenye Canon au AF-S kwenye Nikon, ambapo kamera hufunga fokasi na haitapiga mpaka iwe imeridhika. Kwa kinachotembea tumia AI Servo au AF-C, ambapo kamera huendelea kufuata kadiri unavyoshikilia kitufe. Kuna modi ya tatu, AI Focus kwa Canon na AF-A kwa Nikon, inayodai kuamua yenyewe kati ya hizo mbili. Mimi siitumii, kwa sababu mara nyingi huamua wakati tukio limeshapita.

5. Ondoa mtikisiko. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye bodi yenye sensa ndogo, kasi ya shata isiwe chini ya 1/80 ya sekunde, na kwa watu wanaocheka, wanaocheza au wanaotembea ukumbini isishuke chini ya 1/250. Panda ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila aibu. Chembechembe za ISO 3200 zinavumilika, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

6. Acha kufokasi kisha kugeuza kamera unapokuwa na tundu kubwa. Hili ndilo kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote niliyoyaona, na hufanywa hata na watu wa miaka mingi kazini. Tuseme umesimama mita 1 kutoka kwa mtu, unatumia milimita 50 kwa f/1.8 kwenye bodi yenye sensa ndogo kama hizo za hatua ya nne. Kina chote cha fokasi, mbele na nyuma kwa jumla, hakifiki sentimita 3. Ukishika jicho kwa nukta ya katikati kisha ukageuza kamera kwa nyuzi 10 ili kuupanga uso pembeni ya picha, ubapa wa fokasi unageuka pamoja na kamera na kuangukia kama sentimita 1.5 nyuma ya jicho, yaani zaidi ya nusu ya kina hicho. Jicho limeshatoka ndani ya kina. Kamera haikukosea popote.

Badala yake, sogeza nukta yenyewe hadi karibu na jicho kwa vitufe vya mishale, au piga kwa nukta ya katikati na uache nafasi ya kukata picha baadaye. Unaweza pia kufunga tundu hadi f/4, ambapo kina hicho kinafika karibu sentimita 6 na makosa mengi madogo yanamezwa. Jihadhari vilevile na mwili wako: mtu aliyesimama huyumba mbele na nyuma kwa sentimita kadhaa kati ya "pip" na mbofyo, kwa hiyo piga mara tu fokasi inaposhika.

Lenga nukta mahali penye mstari. Sensa ya fokasi haioni shavu laini wala suti nyeusi isiyo na mkunjo. Inaona mpaka kati ya kiza na mwanga. Kwenye uso wenye ngozi nyeusi chini ya mwanga hafifu, mpaka mzuri kuliko yote ni ule wa weupe wa jicho na kope, na baada yake ukingo wa fremu ya miwani iliyo katika umbali sawa na jicho.

Sasa piga picha ishirini za kawaida kwa kufuata hatua hizi sita. Zikitoka vizuri, kazi imeisha na huna haja ya kuendelea. Zikiendelea kukosa, na kukosa kwa upande uleule kila mara, nenda hatua ya saba.

7. Tayarisha kituo cha kupimia. Simamisha boksi la chai wima mezani, uso wake wenye maandishi ukitazama kamera moja kwa moja. Laza rula pembeni yake kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ikiegemea kitabu, ili alama yake ya sentimita 15 iwe sambamba na uso wa boksi, nusu moja ikija mbele na nusu nyingine ikienda nyuma. Umbali uwe kama mara 50 ya urefu wa fokasi ya lenzi: milimita 50 ipimwe kwa mita 2.5 na milimita 85 kwa mita 4 na kidogo. Kamera iwe katika kimo sawa na boksi na isiinamishwe.

Usilenge nukta kwenye rula. Nimeona watu wengi wakifanya hivyo, na matokeo yao hayana maana, kwa sababu sensa halisi ya fokasi ni pana kuliko kile kiduara unachokiona kwenye kitazamio, na juu ya kitu kilichoinama itashika alama yoyote iliyo ndani ya upana huo. Nukta ilenge boksi; rula ni ya kusomea tu.

8. Piga picha za shahidi. Fungua tundu hadi mwisho, zima kitulizo cha mtikisiko kama lenzi inacho, weka saa ya sekunde 2 ili mkono usiguse kamera wakati wa kupiga, na utumie ISO 100 au 200. Washa Live View, fokasi boksi, piga picha tatu. Kwenye Canon za zamani hakikisha njia ya fokasi ya Live View haikuwekwa kwenye Quick, kwa sababu hiyo hushusha kioo na kutumia sensa ya chini, yaani utakuwa umemwita mshtakiwa ajitolee ushahidi mwenyewe.

9. Piga picha za kitazamio. Zima Live View. Kabla ya kila picha ivuruge fokasi kwa mkono, mara tano hadi mbali kabisa na mara tano hadi karibu kabisa, kisha bonyeza kitufe nusu, iache kamera ishike boksi, na upige. Jumla ziwe picha 10. Usipige moja ukahukumu. Fokasi ya aina hii haisimami mahali palepale kila mara hata kwenye kamera nzima. Hutawanyika kidogo kuzunguka kitovu, kama mishale ya mrushaji mzuri, na tunachotafuta ni kitovu hicho kilipo.

10. Linganisha na uandike. Fungua zote kwenye kompyuta kwa asilimia 100. Tazama maandishi ya boksi kwanza, kisha uone kwenye rula ni sentimita zipi zilizo kali zaidi.

Picha za kitazamio zikilingana na za Live View, lenzi na bodi vinaelewana, na tatizo lako liko katika hatua za 3 hadi 6, rudi huko. Nane kati ya 10 zikiegemea mbele, au nane zikiegemea nyuma, una kosa la kweli linaloweza kurekebishwa. Zikitawanyika, nyingine mbele nyingine nyuma bila mpango, hakuna marekebisho yatakayosaidia, kwa sababu utahamisha kitovu na mtawanyiko utabaki uleule. Ongeza mwanga, safisha pini tena, na urudie. Picha za Live View zenyewe zikiwa zimefifia, lenzi ina kasoro ya vioo vyake na iende kwa fundi.

11. Rekebisha, kama bodi yako inaruhusu. Uwezo huu ulianza kuonekana mwaka 2007 kwenye Canon EOS-1D Mark III na Nikon D3 na D300. Leo utaupata kwenye Canon 5D Mark II na zilizofuata, 6D, 7D, 70D, 80D na 90D, na kwenye Nikon D7000 na ndugu zake wa juu. Hutaupata kwenye 1300D, 700D wala 60D, na kwa Nikon mfululizo wa D3000 na wa D5000 hauna. Canon huuita AF Microadjustment. Nikon huuita AF fine-tune na kuuweka kwenye menyu ya Setup.

Chagua kurekebisha kwa kila lenzi peke yake, wala si kwa lenzi zote kwa kiasi kimoja. Kipimo kinaanzia −20 hadi +20. Kama fokasi iliangukia mbele ya boksi, ongeza upande wa kujumlisha, kwa kuwa kujumlisha husukuma fokasi mbali na kamera. Kama iliangukia nyuma, nenda upande wa kutoa. Anza kwa 5, rudia hatua ya 9, kisha usogee kwa mbili mbili mpaka picha zifanane na za shahidi. Lenzi inayotaka zaidi ya 15 upande wowote inahitaji fundi, hata kama menyu inakuruhusu kuendelea.

Wenye Nikon D5, D500, D850 na D7500 wana njia fupi: weka Live View, AF-S, nukta ya katikati na tundu lote wazi, fokasi boksi, kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha modi ya fokasi na kitufe cha kurekodi video kwa zaidi kidogo ya sekunde mbili, na kamera italinganisha yenyewe. Ifanye mara tano na uchukue thamani ya katikati. Nimeona mara ya kwanza ikitoa +3, ya pili +9.

12. Hakiki kwa mtu wa kweli. Mwite ndugu au jirani akae kivulini, mpige kwa mita 1.5, kwa mita 3 na kwa mita 6. Marekebisho ni namba moja tu, na lenzi haikosei kwa kiasi kimoja kwa kila umbali, kwa hiyo ikibidi kuchagua, chagua usahihi wa umbali unaoutumia zaidi kazini. Lenzi za zumu zina tabu hiyohiyo kati ya ncha zake mbili. Canon 5D Mark III na bodi kadhaa za baadaye zinakubali namba mbili tofauti, moja ya upana na moja ya kuvuta.

Kwa vinavyokimbia

Uwanja wa mpira wenye vumbi unahitaji mengine. Tumia AI Servo au AF-C, nukta ya katikati pamoja na zile zinazoizunguka kama bodi inaruhusu, na kasi ya shata isiyopungua 1/800. Anza kumfuata mchezaji ukiwa umebonyeza nusu kwa sekunde moja hivi kabla ya kupiga, kwa sababu kamera hukadiria atakapokuwa kutokana na mwendo iliokwisha kuuona. Ukibonyeza ghafla mpaka mwisho, haina cha kukadiria. Fahamu pia kwamba katika AF-C Nikon nyingi huja zimepangwa kupiga hata kama fokasi haijashika. Unaweza kubadilisha hilo kwenye bodi zenye mpangilio huo, ila utapoteza kasi.

Wengi wetu tumehamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma ili kitufe cha shata kibaki cha kupiga tu. Kwenye D3500 kipe kitufe cha AE-L/AF-L kazi ya AF-ON kupitia menyu ya vitufe. Kwenye 1300D tafuta mpangilio wa Shutter/AE lock na uchague AE lock/AF. Ukiuazima mwili huo wa kamera kwa mwenzako, mwambie. Nilisahau mara moja, na dada wa watu akapiga nikahi nzima bila fokasi kushika hata mara moja.

Matatizo ya kawaida na dawa zake

Lenzi haifokasi kabisa. Tazama swichi ya AF/MF (otomatiki au mkono) ubavuni mwake kwanza. Usicheke, ndiyo sababu ya kwanza. Kisha angalia kama ni Nikon ya mfululizo wa D3000 au D5000 iliyovalishwa lenzi ya AF-D: bodi hizo hazina mota ndani na lenzi hizo hazina mota zake, kwa hiyo utafokasi kwa mkono tu. Kinyume chake, lenzi mpya za AF-P hazifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D90. Uliza kabla ya kulipia lenzi ya mtumba.

Kamera inakataa kupiga. Huenda uko karibu mno. Canon EF 50mm f/1.8 STM haishiki chini ya mita 0.35, na Nikon AF-S 50mm f/1.8G chini ya mita 0.45. Rudi nyuma hatua moja.

Lenzi inakwenda mbele na kurudi ukumbini bila kushika. Mwanga hautoshi. Nukta ya katikati ya 1300D hufanya kazi hadi EV 0 (EV ni kipimo cha kiasi cha mwanga), wakati ya Canon 6D hushuka hadi EV −3, yaani mwanga uliopungua mara nane, na tofauti hiyo haizibwi kwa ufundi. Tumia nukta ya katikati, lenga ukingo wenye mpaka mkali, na ufunge fleshi ya nje yenye taa nyekundu ya kusaidia fokasi. Hata ukizima mwako wake, taa hiyo inatosha. Ukumbi ukiwa umejaa taa za bluu na zambarau, subiri mwanga mweupe upite usoni.

Nukta ya katikati ni sahihi lakini za pembeni zinakosa. Rudia hatua ya 9 kwa nukta hizo ukiwa umezungusha boksi robo mzunguko. Zikishika vizuri baada ya kuzungusha, ni suala la mwelekeo wa mistari. Zikiendelea kukosa, vioo vya ndani havijakaa sawa na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Bodi haina marekebisho na kosa ni la kweli. Kama lenzi ni ya Sigma au Tamron ya miaka ya karibuni, baadhi yake hurekebishwa zenyewe kwa kompyuta kupitia USB Dock ya Sigma au TAP-in Console ya Tamron. Kwa lenzi nyingine, peleka bodi na lenzi kwa pamoja kwa fundi. Ukipeleka kimoja, atakirekebisha kilingane na cha kwake. Kwa muda huo piga kwa Live View, au funga tundu hadi f/4.

Unafokasi kwa mkono, kitazamio kinaonekana kikali, picha inatoka imefifia. Kioo cha kutazamia cha DSLR nyingi hakionyeshi kina cha fokasi kilicho chembamba kuliko cha f/2.8 hivi, kwa hiyo kwa f/1.8 jicho lako linadanganywa. Tumia Live View na uikuze mara kumi.

Picha zilikuwa kali ndani, zikawa na ukungu mara tu ulipotoka nje. Umetoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani, na unyevu umeganda juu ya kioo cha baridi. Usifute, na usibadilishe lenzi wakati huo ukaingiza unyevu ndani. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa huko nje kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuitoa, kwa hiyo tanguliza begi nje kabla bwana na bibi harusi hawajatoka.